Ndege ya mtoto isibaki tupu ndani

Lubumbashi, Haut-Katanga. – Likizo kubwa ikifika, kartie zetu zinajaa viwanda vidogo. Katika komuni za Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, watoto wanakaa chini ya miembe na waya, mikebe ya maziwa, kartoni na kandambili zilizokatika. Wanatengeneza malori ya mine, Land Cruiser, treni. Na wanatengeneza sana ndege za vita: mabawa ya pembe tatu, makombora chini ya mabawa, bendera ya Kongo kwenye mkia. Wakubwa wanapita, wanapiga picha na simu, wanaituma kwenye WhatsApp na maneno haya: "Huyu ni injenia wa kesho!" Kisha wanaenda zao.

Mimi naomba hawa wakubwa wasimame dakika moja zaidi na kuuliza swali moja: ndani ya hii ndege, pale rubani anapokaa, kuna nini? Mara nyingi hakuna kitu. Kuna shimo, ama kipande cha plastiki nyeusi kinachofunika shimo. Nje inang'aa, ndani ni tupu.

Maoni yangu ni kwamba injenia wa kesho anaanzia kwenye hilo shimo. Mtoto anayejenga mwili wa ndege anaonyesha kwamba ana macho na mikono. Mtoto anayejenga chumba cha rubani, na kiti chake, kadrani zake na mikono yake ya kuongozea, anajifunza kupima na kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani. Ni vitu hivi viwili ambavyo masomo yetu ya ufundi yanakosa.

Maketi si mchezo wa watoto peke yake

Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wazima wengi wanaojenga maketi za ndege, yaani mifano midogo inayofuata vipimo vya ndege ya kweli. Wengi wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki, wanabandika, wanapaka rangi. Lakini kati yao kuna wale wabishi. Wakifungua sanduku na kuona kwamba kiti cha rubani ni kipande kimoja kisicho na mikanda, na kadrani ni alama tu zilizochorwa, wanaweka hivyo vipande pembeni. Wanajenga chumba kizima kwa mikono yao, toka mwanzo, na karatasi nyembamba za plastiki, waya, kipande cha mkanda wa kubandikia, karatasi ya aluminiamu.

Msomaji ameona? Vifaa vya mbishi wa Tokyo ama wa Paris ni karibu vilevile vya mtoto wa Katuba. Kinachowatenganisha ni mambo matatu: rula, picha nzuri za ndege ya kweli, na mtu wa kumwambia kwamba ndani ni muhimu kama nje.

Tuchukue mfano wa Mirage yetu

Wazee wa Katanga wanakumbuka ndege za Mirage 5 ambazo Zaire ilinunua Ufaransa katika miaka ya 1970, na ambazo zilikuwa na kituo chao Kamina. Ndege ile ilitengenezwa na Dassault, iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Ina urefu wa mita 15,55 na upana wa mabawa wa mita 8,22. Ina injini moja na, katika aina nyingi, mtu mmoja ndani.

Wajenzi wa maketi wanapenda kipimo cha 1/72 na cha 1/48. Hesabu hizi zinashangaza watoto wetu: kwa nini 72, kwa nini 48? Jibu ni kwamba zimetoka kwa watu wanaopima kwa futi na inchi. Kwa 1/72, inchi moja ya maketi ni futi 6 za kweli, ni kama urefu wa mwanaume mrefu. Kwa 1/48, inchi moja ni futi 4. Kwao hesabu ni rahisi. Kwetu tunaopima kwa mita ni kichwa kuuma bure.

Ndiyo sababu nashauri mtoto wa Lubumbashi aanze na 1/20. Mita moja ya kweli inakuwa sentimita 5. Mirage inakuwa na urefu wa karibu sentimita 78 na mabawa ya sentimita 41, ukubwa uleule wa ndege wanazojenga tayari na mikebe. Rubani wa mita 1,75 anakuwa na sentimita 8,75. Kadrani yenye upana wa milimita 80 inakuwa na milimita 4, mtoto anaweza kuishika kwa vidole. Kwa 1/72 kadrani hiyohiyo inabaki na milimita 1 na kidogo: hiyo ni kazi ya mtu mwenye kibano, miwani ya kukuza na uvumilivu wa miaka.

Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hesabu hii. Namba inagawanywa kwa 20, basi. Lakini akigawanya mara hamsini, kwa kila kiti, kila pedali, kila mkono, ile hesabu iliyokuwa ya chaki ubaoni inaingia mikononi. Akikosea, kiti hakiingii ndani ya ndege. Hapo hakuna mwalimu wa kumwonea wala wa kumhurumia: ndege yenyewe inamwambia hapana.

Shaba tunayo, rula hatuna

Sisi ni watu wa shaba. Misalaba ya shaba ilikuwa feza ya watu wa hapa mbele Wazungu hawajafika. Leo malori yaliyobeba shaba yanapanga mstari kuelekea Kasumbalesa. Na mjenzi wa maketi wa Ulaya, akitaka kuweka bomba la hewa ya rubani ama nyaya nyuma ya kadrani, anatumia nini? Waya nyembamba ya shaba, iliyotolewa ndani ya kamba ya umeme ya zamani. Inawezekana kabisa kwamba shaba hiyo ilitoka huku kwetu. Basi na sisi tuitumie. Kamba ya redio iliyokufa ama ya chaja iliyokatika ina nyuzi za kutosha ndege kumi. Kwa 1/20, waya yenye unene wa nusu milimita ni bomba la sentimita 1. Lakini wazazi waseme wazi kwa watoto: waya inatoka kwenye vitu vilivyokufa nyumbani, haitoki kwenye nguzo za umeme za kartie. Kule kuna kifo, na kuna jela.

Vitu vingine viko kila nyumba. Kifuniko cha margarini kinakatwa kwa mkasi, kinatoa kuta za chumba. Mwili wa kalamu ya Bic, ule unaoonyesha ndani, ukipashwa polepole karibu na mshumaa na kuvutwa, unatoa uzi mwembamba wa plastiki: huo unakatwa na kuwa vifungo na mikono midogo. Mikanda ya kiti inatoka kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa sababu inakunjika na kubaki ilivyokunjwa, wakati kitambaa kwa udogo huu kinabaki kigumu kama ubao. Kioo cha juu kinatoka kwenye chupa ya maji: unachonga mti kwa umbo la kioo, unauingiza ndani ya chupa, unapasha chupa polepole, plastiki inajikaza juu ya mti. Mtoto asifanye kazi ya moto peke yake, na asifanye ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kadrani ndizo zinazoogopesha watu, lakini ni rahisi. Chora ubao mzima wa kadrani kwenye karatasi, mara nne zaidi ya ukubwa unaotaka, na mishale yake na namba zake. Peleka kwenye nyumba ya fotokopi, omba wapunguze kwa nusu, kisha nusu tena. Bandika nyuma ya kipande cha plastiki kilichotobolewa matundu ya duara. Mwisho weka tone la verni ya kucha isiyo na rangi katika kila tundu. Ikikauka, kila kadrani ina kioo chake. Mtoto akiona hiyo mara ya kwanza, hautamtoa tena mezani.

Neno moja la hatari. Wajenzi wengi wa nje wanatumia risasi, kile chuma laini, kwa waya na mikanda. Hapa kwetu risasi ya karibu ni ile ya batri za magari za zamani. Hapana, hata kidogo. Ni sumu inayoingia katika damu ya mtoto na kuharibu akili yake. Shaba na aluminiamu zinatosha.

Kila kifungo kina sababu

Wengine watasema: lakini nani ataona mambo haya madogo? Kioo kikifungwa, nusu ya kazi inafichika. Ni kweli. Lakini faida ya kazi hii inabaki kichwani mwa aliyeijenga, hata kama mtazamaji haoni kitu.

Chukueni kiti cha Mirage 5. Ni kiti cha kurushwa cha Martin-Baker, aina ya Mk 4. Juu ya kichwa cha rubani kuna mshiko wenye mistari ya njano na nyeusi. Mtoto anayeuweka bila kuuliza ameweka pambo. Mtoto anayeuliza anapata somo. Rubani akivuta mshiko ule, anashusha pazia la kitambaa mbele ya uso wake na kiti kinaondoka. Pazia linalinda uso na upepo mkali, na mikono ikiwa juu hivyo, mgongo unanyooka, uti wa mgongo hauvunjiki kirahisi wakati kiti kinarushwa. Mshiko mmoja tu, na ndani yake kuna fizikia, kuna mwili wa binadamu, kuna akili ya mtu aliyefikiria mbele hatari haijafika.

Ama chukueni MiG-21 ya Warusi. Kwenye ubao wa kadrani, katikati, kuna mstari mweupe toka juu kwenda chini. Anayetazama picha anaweza kufikiri rangi ilimwagika. Hapana. Ndege ikianza kuanguka huku inazunguka, rubani hajui tena juu ni wapi. Anasukuma fimbo ya kuongozea kuelekea ule mstari, na kwa kufanya hivyo anajua fimbo iko katikati. Mstari mmoja wa rangi unaweza kuokoa mtu.

Mtoto aliyezoea kuuliza "hiki ni cha nini?" mbele ya maketi, kesho atauliza vilevile mbele ya pampu ya maji, mbele ya mashine ya hospitali, mbele ya lori la mine. Leo tunaendesha mashine za wengine, zikikufa tunangoja fundi atoke mbali. Tunajua rangi yake na bei yake, ndani hatujui.

Kingelez alitufungulia njia

Wasiseme kwamba Mukongomani hajawahi kuheshimiwa kwa kazi ya namna hii. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948, alijenga miji mizima kwa karatasi, kartoni, plastiki na mikebe. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris. Alikufa mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA mjini New York lilifanya maonyesho makubwa ya miji yake. Alikuwa mkali kwa usafi wa kazi: kila dirisha, kila ngazi, kila maandishi yalikatwa kwa uangalifu.

Tofauti ipo. Miji ya Kingelez ilitoka katika ndoto yake, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba dirisha halipo mahali pake. Mjenzi wa maketi amejifunga kwa kitu cha kweli. Nchi inahitaji njia zote mbili. Lakini tumsikie Kingelez kwa jambo moja: kartoni na mkebe si vitu vya aibu. Aibu ni kazi iliyofanywa haraka-haraka juu ya sifa.

Kwa nini ndege ya vita?

Hili ndilo neno gumu, na mama wengi wananiambia: katika nchi yenye vita, kwa nini tuwafundishe watoto kujenga vyombo vya kuua? Ndugu zetu wa Kivu hawaoni ndege hizi kwenye picha tu. Tarehe 24 Januari 2023, wakaaji wa Goma waliona Sukhoi-25 ya jeshi letu ikipigwa angani na kutua uwanjani huku inatoa moto. Watoto waliona. Wengine waliichora, wengine wataijenga.

Hatuwezi kuwazuia watoto kujenga kile wanachokiona. Tunaweza kuamua wakijenge namna gani. Ndege iliyojengwa nje tu ni nguvu tupu: makombora, kelele, bendera. Haina mtu ndani. Mtoto anayeikimbiza uwanjani anapenda nguvu isiyo na uso. Lakini siku anapoanza chumba cha rubani, mambo yanabadilika. Anagundua kwamba ndani kuna mahali padogo sana, pa mtu mmoja, aliyefungwa mikanda mabegani na mapajani. Anajifunza kwamba chumba cha Sukhoi-25 kimezungukwa na bamba za titaniamu zenye unene wa milimita 10 hadi 24, kwa sababu watu walio chini nao wanapiga. Anajenga kiti cha kukimbilia. Anaelewa kwamba huyu mtu mwenye nguvu anaweza kuogopa, na kwamba chini ya ndege pia kuna watu.

Sisemi kwamba maketi italeta amani. Nasema mtoto aliyejenga mahali pa binadamu ndani ya mashine ya vita hataiangalia tena kama kitu cha kushangilia tu. Na mzazi ambaye bado hataki ndege ya vita, haki ni yake: chumba cha dereva wa treni, kabini ya lori la mine, mahali pa rubani wa Antonov, vyote vinafundisha yaleyale.

Tunaomba nini

Kuna watakaosema watu wana njaa na mimi naongea juu ya kadrani za milimita 4. Naelewa. Lakini siombi feza nyingi. Watoto wanajenga tayari, bila kuambiwa na mtu, bila senti ya mtu. Ninachoomba ni kwamba jitihada hiyo isibaki mchezo wa likizo unaotupwa masomo yakianza.

Kwa wazazi: mnunulie mtoto rula ya chuma na penseli, mbele ya kumnunulia ndege ya plastiki ya sokoni. Na msichana pia. Kazi hii haitaki nguvu za mabega, inataka vidole na utulivu.

Kwa mafundi wa kartie, wale wa redio, wa pikipiki, wa umeme: mkimwona mtoto anapita na ndege yake, mwulizeni ndani kuna nini. Mwonyesheni namna ya kushika kibano, namna ya kukata bila kujikata. Nusu saa ya yaya fundi ni bora kuliko picha mia za WhatsApp.

Kwa wakuu wa masomo ya ufundi: wanafunzi wenu wa mekanika wanachora vipande kwa miaka bila kushika kimoja. Kila mwanafunzi ajenge kwa kipimo chumba kimoja cha kuongozea mashine, cha ndege, cha treni ama cha lori, na siku ya mtihani aeleze kila kifungo kinafanya nini. Haitaki mashine mpya. Inataka vifuniko vya margarini na mwalimu mwenye swali.

Na kwa watoto wenyewe: msiende kwenye uwanja wa ndege wala karibu na kambi ya jeshi na simu ama futi mkononi, mkisema mnapima. Mtajitafutia matatizo na kuwaletea wazazi wenu gharama. Vipimo vya Mirage na Sukhoi vimeandikwa vitabuni na kwenye intaneti, picha za ndani ziko nyingi. Anzeni na kiti. Kiti kikiingia vizuri, wekeni pedali, kisha fimbo katikati ya magoti, kisha mkono wa gazi upande wa kushoto, kisha ubao wa kadrani. Mkifika hapo, mwiteni mtu mkubwa na mumweleze kimoja kwa kimoja. Akishindwa kujibu maswali yenu, mjue kwamba mmeanza kweli kujifunza.